Mugumo uliponea kwa hadithi yake. Miti mingine ya Nairobi itasimuliwa na nani?

MNAMO Novemba 11, 2020, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alitoa amri isiyo ya kawaida. Haikuhusu uteuzi wa waziri wala mgao wa fedha za umma. Ilihusu mti mmoja tu: mugumo uliosimama kando ya barabara ya Waiyaki, mtaani Westlands jijini Nairobi, ambao ulikuwa umepangiwa kung'olewa ili kupisha ujenzi wa barabara ya kulipia kutoka Mlolongo.

Mti huo ulikadiriwa kuwa na umri wa karne moja au zaidi, na kimo chake kililinganishwa na jengo la ghorofa nne. Wiki chache kabla ya amri hiyo, maafisa wa barabara walikuwa wametangaza kwamba ungehamishwa. Wanamazingira wakapaza sauti, wakazi wakalalamika, na hatimaye amri ikatoka. Mugumo ukatajwa kuwa ni turathi ya utamaduni na mazingira ya Wakenya, nao ukaachwa pale ulipo.

Wengi waliipokea habari hiyo kwa furaha, na walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo, furaha ile iliacha nyuma yake swali ambalo hadi leo halijajibiwa ipasavyo. Katika mkondo huo huo wa barabara, wenye urefu wa kilomita 27, miti mingine mingi ilianguka bila amri ya kuiokoa wala machozi ya kuisindikiza. Kwa nini mmoja uponee na mingine iende?

Jibu la haraka ni kwamba mugumo ulikuwa mkubwa na mkongwe. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, kwani ukubwa pekee haujawahi kuuzuia msumeno katika jiji hili. Mugumo uliponea kwa sababu ulikuwa na hadithi.

Miongoni mwa Wakikuyu, mugumo ni mti wa ibada. Chini ya kivuli chake wazee walitolea sadaka na kuomba mvua wakiuelekea Mlima Kenya. Aidha, ipo simulizi maarufu ya mtabiri Mugo wa Kibiru, inayosema kwamba utawala wa wageni ungefikia kikomo siku ambayo mugumo wa Thika ungeanguka. Inasimuliwa kwamba mti huo ulianguka mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilijipatia uhuru wake.

Kwa hivyo, kabla Rais hajashika kalamu, kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na wasimulizi, waimbaji, waandishi na wachoraji wa vizazi kadhaa. Wao ndio walioufanya mti ule uwe na jina, na kitu chenye jina ni vigumu kukiua kimyakimya. Hapo ndipo lilipo fundisho kuu la kisa cha Westlands: katika jiji linalopanuka, sanaa si pambo linalokuja baada ya mazingira kuhifadhiwa. Sanaa ni sehemu ya uhifadhi wenyewe.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alilifahamu jambo hili vyema. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za maisha, kilichochapishwa mwaka 2006, anaeleza juu ya mugumo uliokuwa karibu na nyumbani kwao, Ihithe, katika Nyeri. Mama yake alimwonya asiokote kuni kwenye mti huo, kwani ulikuwa mti wa Mungu. Aliporejea kutoka masomoni Marekani, aliukuta umekatwa ili kupanua shamba la majani chai, na kijito alichokuwa akichezea utotoni kilikuwa kimekauka.

Kisa hicho kifupi kimewafunza watu wengi uhusiano wa mizizi na chemchemi kuliko ambavyo ripoti nyingi za kitaalamu zingeweza kufanya. Na mwanamke huyo huyo, alipopata habari mnamo Oktoba 2004 kwamba ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, alisherehekea kwa kupanda mti. Mti aliouchagua ulikuwa kibobakasi, ule wenye maua mekundu yanayofanana na ndimi za moto, ambao Wakenya wengi wanaujua kwa kuunasibisha na nchi ya Wanandi.

Sasa tujiulize: ni wakazi wangapi wa Nairobi wanaoweza kuutambua mti wa kibobakasi wakiuona kando ya njia? Ni wangapi wanaoujua muhugu, mukinduri au murarachi? Na ni wasanii wangapi wanaoichora?

Ili kulijibu swali hilo kwa haki, yafaa kwanza tukumbuke jinsi jiji hili lilivyopata miti yake. Nairobi ilizaliwa mwaka 1899 ikiwa kambi ya wajenzi wa reli, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa maji yake baridi. Injini za garimoshi zilihitaji kuni, na misitu ya asili ilionekana kukua polepole mno kwa tamaa ya reli. Mikaratusi ikaletwa kutoka Australia mapema katika karne ya 20. Mwaka 1907 ikaanzishwa bustani ya miti, ile inayoitwa Arboretum hadi leo, kwa lengo la kujaribu aina za miti ya kigeni ambayo ingekua upesi.

Jakaranda nayo, yenye asili yake Amerika Kusini, ikapandwa kando ya barabara na katika makazi ya walowezi kwa ajili ya urembo. Kila ifikapo Oktoba, jiji hugeuka zambarau, na picha za maua hayo hujaa katika simu za wapita njia na katika turubai za wachoraji. Mgeni anayeulizwa kuhusu mti wa Nairobi, na hata mwenyeji, atautaja huo bila kusita.

Si nia ya makala haya kuishtaki jakaranda. Mti hauna kosa la kupandwa, na baada ya miaka mia moja hakuna awezaye kudai kwamba si sehemu ya sura ya jiji. Hoja ni tofauti. Msanii huchora kile anachokiona, na kile anachokiona kilichaguliwa na mtu mwingine zamani, kwa sababu zake mwenyewe. Mandhari ya jiji ni uamuzi wa kisiasa uliovikwa majani.

Uamuzi huo unaonekana wazi zaidi ukivuka kutoka magharibi mwa jiji kwenda mashariki. Muthaiga, Karen na Lavington zimefunikwa na miti, urithi wa mipango ya kikoloni iliyowatengea walowezi viwanja vikubwa. Ukifika Eastlands, ambako Mwafrika alitengewa chumba kimoja na njia nyembamba, kivuli ni bidhaa adimu. Wasanii wengi wa jiji hili wamelelewa upande huo wa pili. Tunapowalaumu vijana kwamba hawaijui miti ya kwao, tukumbuke kwamba wengi wao hawakupewa hata mmoja wa kuutazama kutoka dirishani.

Pamoja na hayo, si kweli kwamba miti asili haikupata kuchorwa. Joy Adamson, anayekumbukwa zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya simba jike Elsa, alianza kujulikana nchini kama mchoraji wa mimea. Mwaka 1947 alitunukiwa nishani ya dhahabu na chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kwa kazi hiyo. Michoro yake ya maua na matawi ya Kenya imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Ni kazi yenye usahihi mkubwa, lakini ilifanywa kwa jicho la mtaalamu wa mimea: tawi limetengwa na mti, na mti umetengwa na watu wake.

Kizazi cha sasa kimechukua njia nyingine. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na anayefanya kazi kati ya jiji hili na New York, amefinyanga sanamu za wanawake kwa udongo mwekundu, matawi, na karatasi iliyosagwa na kulowekwa. Katika kazi hizo ni vigumu kusema mwili unaishia wapi na mti unaanzia wapi. Mwaka 2019, sanamu zake nne za shaba ziliwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, katika vishubaka ambavyo vilikuwa vitupu tangu jengo hilo lilipokamilika zaidi ya karne moja kabla yake.

Mafanikio hayo ni fahari ya nchi. Hata hivyo, yanapaswa pia kutuzindua. Udongo wa Nairobi umepata heshima katika kumbi za ng'ambo ilhali hapa nyumbani udongo huo huo, pamoja na kilichoota juu yake, ndio wa kwanza kuondolewa na tingatinga pale mwekezaji anapotaka ghorofa.

Lakini ingekuwa ni kujidanganya kudai kwamba msanii daima ni mtetezi wa mti. Upo upande wa pili wa hadithi hii, nao unapatikana Gikomba na katika masoko mengine ya vinyago.

Uchongaji wa vinyago vya biashara miongoni mwa Wakamba unahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza ufundi huo kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutoka kwa mtu mmoja, kazi ikaenea kijijini, kisha ikafika Nairobi na Mombasa. Kufikia miaka ya 1990, wachongaji nchini walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na familia zilizowategemea zilikuwa nyingi zaidi.

Miti waliyoipenda ilikuwa ya asili: mpingo, mzeituni wa porini na, zaidi ya yote, muhugu. Mbao za muhugu ni ngumu, nzito, zina mafuta yenye harufu nzuri na hazipasuki ovyo. Ndio mti uliotawala sehemu za misitu mikavu ya Karura na Ngong, yaani misitu ya Nairobi yenyewe. Lakini hukua taratibu mno, na mahitaji ya wachongaji, pamoja na yale ya wauzaji wa mbao za sakafu, hayakuwa na subira. Twiga na vifaru vya mbao vikapanda ndege kwenda Ulaya, na misitu ikabaki na visiki.

Hapa ndipo historia inapotufanyia mzaha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mashirika ya uhifadhi yalipoanza kuwahimiza wachongaji waachane na muhugu na mpingo, miti mbadala iliyopendekezwa ilikuwa ya kigeni: mwarobaini, mwembe, na ile ile jakaranda ya kando ya barabara. Mgeni akaombwa amlinde mwenyeji.

Mpango huo haukuwa rahisi. Mbao za jakaranda ni laini na nyeupe, ilhali mnunuzi amezoeshwa kudhani kwamba kinyago halisi cha Kiafrika lazima kiwe cheusi na kizito. Matokeo yake, baadhi ya wachongaji hupaka kazi yao rangi ya viatu ili ifanane na mpingo. Yaani mti wa Amerika Kusini unavishwa ngozi ya mti wa Afrika ili kumridhisha mtalii.

Mtu aweza kulicheka jambo hili, lakini mchongaji ana watoto wa kusomesha. Anayepaswa kubadilika hapa si yeye peke yake. Mnunuzi akielezwa kwamba kinyago cheupe cha jakaranda kimeuacha muhugu mmoja umesimama Karura, thamani ya kinyago hicho itapanda, wala haitahitaji kufichwa chini ya rangi. Lakini ni lazima pawe na mtu wa kumweleza. Kwa mara nyingine, tunarejea kwenye hadithi.

Karura yenyewe ni ushahidi kwamba hadithi ikisimuliwa kwa ujasiri huleta matokeo. Katika miaka ya 1990, sehemu kubwa ya msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 ilikuwa imegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Mnamo Januari 8, 1999, Profesa Maathai na wenzake walikwenda huko kupanda miti, wakashambuliwa na genge la vijana, naye akajeruhiwa kichwani. Picha za mwanamke anayevuja damu kwa sababu ya mche zilizunguka dunia nzima, na ujenzi ule haukuendelea.

Leo Karura imezungushiwa ua na umma hulipa kiingilio kwenda kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Miti ya kigeni iliyopandwa humo kwa ajili ya mbao imekuwa ikiondolewa hatua kwa hatua, na miti asili inarudishwa. Mchoraji anayetaka kuona jinsi ardhi ya Nairobi ilivyokuwa kabla ya reli anaweza kuketi humo na daftari lake. Msitu ambao watu huuingia na kuupenda si rahisi kugawiwa usiku.

Tatizo ni kwamba ulinzi wa aina hii bado unategemea bahati na haiba ya watu wachache. Tuurudie mugumo wa Westlands. Amri ya mwaka 2020 iliukabidhi mti huo kwa Mamlaka ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS. Mamlaka hiyo ilifikia kikomo mwaka 2022 na majukumu yake yakarejea kwa serikali ya kaunti. Mti uliookolewa kwa kauli ya mtu mmoja na kukabidhiwa taasisi ya muda unahitaji kinga iliyo imara zaidi ya shukrani zetu.

Wakati huo huo, taifa limo katika kampeni kubwa ya kupanda miti. Mnamo Desemba 2022, Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, na hivyo ndivyo ilivyokuwa Mei 10, 2024, baada ya mafuriko kuua watu wengi, wakiwemo wakazi wa mabondeni jijini.

Idadi hiyo inavutia, lakini nambari haina sura. Tusipouliza ni miti ipi inapandwa, wapi na kwa ajili ya nani, tutairudia hesabu ile ile ya reli: mti unaokua haraka ndio mti bora. Kibobakasi hakitashinda mashindano hayo, wala muhugu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya walioshiba. Mkazi wa Mathare, watahoji, anataka maji, choo na paa lisilovuja. Atafanya nini na mchoro wa mti? Hoja hiyo ina uzito wala haifai kudharauliwa. Lakini mkazi huyo ndiye wa kwanza kusombwa na maji pale kingo za mto zinapokosa mizizi, na ndiye anayeungua jua katika kituo cha matatu kisicho na kivuli. Kumwambia kwamba uzuri si haki yake ni kuiendeleza ile ramani ya kikoloni kwa mikono yetu wenyewe.

Hatua zinazowezekana hazihitaji mabilioni. Kwanza, serikali ya kaunti iandae orodha rasmi ya miti mikongwe na ya asili iliyomo jijini, kila mmoja uwekewe kibao chenye jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha za jamii zinazoujua, na orodha hiyo ipewe nguvu ya kisheria. Mkandarasi aikute kabla hajachora barabara, si baada ya kuwasha msumeno.

Pili, mti unapolazimika kukatwa, mbao zake zisichomwe wala kuuzwa gizani. Zipelekwe kwa wachongaji kwa utaratibu ulio wazi, ili mti wa jiji uwe kazi ya sanaa ya jiji, na muhugu wa msituni upumue.

Tatu, miradi mikubwa ya ujenzi itenge kiasi kidogo cha bajeti kwa wasanii wa mitaa inayopitiwa na miradi hiyo. Nguzo za zege za barabara ya kulipia zimesimama mahali palipokuwa na miti. Si jambo la ajabu kuomba kwamba baadhi yake zichorwe miti ile iliyoondoka, kwa majina yake.

Nne, shule zitumie nafasi iliyotolewa na mtaala wa umilisi, unaotambua sanaa kuwa somo, kuwatoa watoto nje wachore mti ulio hai badala ya kunakili picha ya kitabuni. Mtoto wa Eastlands aliyewahi kuuchora mukinduri majani kwa majani hatauita kichaka akiwa diwani.

Yote haya yana mpaka wake, na msanii mwaminifu anaujua. Mchoro haunyonyi maji ya mvua wala haumpi ndege tundu. Endapo miti itaisha na picha zikabaki, sanaa yetu itakuwa ni tanzia yenye rangi nzuri. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini hakuna awezaye kuishika asili ambayo hakuonyeshwa.

Mugumo wa Westlands ulipata watetezi kwa sababu tulikuwa tumesimuliwa habari zake tangu utotoni. Muhugu, kibobakasi na mukinduri bado vinangoja wasimulizi wao, na mipango ya barabara nyingine imo mezani.